Toyota Mark X niliyonunua na Mark II Grande niliyokaa nayo miaka 13, zote nimezipandisha mlima wa Kitonga

Jumapili iliyopita jirani kanikuta getini naosha gari zote mbili, akasimama akaniuliza, "Kaka, sema ukweli, ukiambiwa uchague moja tu uondoke nayo, unachukua ipi?" Nikaanza kumjibu nikiwa na sponji mkononi, sponji ikakauka bado naongea na bado hatujafika mwisho. Sa nimeona niandike yote hapa, maana najua tuko wengi kwenye hali hii, una Mark II ya zamani imekutunza miaka na miaka, vihela kidogo vimepatikana, moyo unataka Mark X, na kila unayemuuliza anakujibu kwa ushabiki tu, mmoja anakwambia Mark X inakunywa mafuta kama lori, mwingine anakwambia Grande ni gari ya wazee. Hao wote wawili hawako sawa.

Ya zamani ni Mark II Grande ya mwaka 2002, chesesi GX110, injini ya 1G ya VVT-i, cc 1,988, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Namba B. Nimeinunua 2011 nikiwa bado sijaoa. Ya sasa ni Mark X ya 2013, chesesi GRX130, 250G S Package, V6 ya lita 2.5, namba E, imeingia bandarini mwaka jana mwezi wa kumi ikiwa na kilomita 78,000 kwenye dashi. Nikisema mpya namaanisha mpya kwangu, kama ilivyo kwa wengi wetu. Nimeshatembea nayo karibu kilomita 14,000, na ndani yake kuna safari tatu za Dar mpaka Iringa na kurudi, njia ileile niliyoipita na Grande sijui mara ngapi, kwahiyo ninacholinganisha hapa nimekifanya mwenyewe kwa mikono na miguu yangu.

Na kuzilinganisha ni haki kabisa kwa sababu ni ukoo mmoja. Mark II ilianza 1968 kule Japan, ikaja kizazi baada ya kizazi, na hii GX110 ndo ilikuwa ya mwisho kubeba jina hilo. 2004 wakaifunga wakaleta Mark X, ikaanza na GRX120, 2009 ikaja GRX130 kama yangu, na 2019 wakasimamisha kabisa. Kwahiyo Mark X ni mtoto wa Grande, na yeye hana mtoto. Zote injini iko mbele, nguvu inaenda tairi za nyuma, silinda sita. Kilichobadilika ni tabia.

Nianze na Kitonga maana huko ndo gari inasema ukweli wake.

Anayejua ile njia anajua, unatoka Mikumi, unaingia lile bonde la mibuyu, unafika Ruaha Mbuyuni unanunua vitunguu, alafu baada ya hapo mlima unaanza na hauna huruma, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na malori ya Zambia na Congo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na Grande nilikuwa najiandaa kabisa kichwani. AC nazima, gia natoa kwenye D naweka 2, naacha nafasi na lori la mbele ili nikipata upenyo pale paliponyooka niwe tayari nina kasi, maana ukimfikia mwenye lori alafu ukapunguza mwendo imeisha hiyo, utakaa nyuma yake unavuta moshi mpaka juu. Hosipawa 160 sio haba kwa gari ya lita mbili, ila hizo 160 ziko juu kabisa kwenye mzunguko, mpaka uikanyage na injini ianze kulia ndo zinatoka, alafu gia ni nne tu, ikitoka ya pili kwenda ya tatu unaisikia kabisa imekata pumzi. Nikibeba familia na magunia ya viazi ya kurudi nayo, basi ni subira.

Mara ya kwanza napanda na Mark X sikuamini. Nilifika chini ya mlima nikaweka modi ya spoti kwa mazoea ya kujiandaa, nikakuta hakuna cha kujiandaa. Palipokuwa wazi, mbele panaonekana na mistari inaruhusu, nilikanyaga nusu tu ya pedali, gia zikashuka mbili kwa pamoja, na gari ikachanganya bila kelele, lori likabaki nyuma nikiwa bado nafikiria kuongeza. Hosipawa 203, gia sita, na cha muhimu zaidi ni kwamba inavuta ikiwa bado chini, huhitaji kuilazimisha. AC inawaka wakati wote, watoto nyuma wamelala. Mke wangu akaniangalia akasema "tumeshafika juu?" Tulikuwa tumeshaanza kunusa nyanya za Ilula.

Ila nguvu hiyo ina bei yake na sio ya mafuta. Grande ikifika 80 unajua imefika 80, unaisikia kwenye usukani, kwenye upepo wa dirishani, kwenye injini. Mark X kwenye gia ya sita ukiwa 100 mshale wa mzunguko uko chini ya 2, kimya, kama umekaa sebuleni. Sa vijiji vyetu vina kibao cha 50, ukitoka kwenye 90 kuingia kijijini unadhani umepunguza sana kumbe uko 68. Mwezi wa kwanza tu nimepigwa tochi mara mbili, moja kabla ya Mikese na nyingine karibu na Doma, elfu thelathini thelathini. Miaka 13 ya Grande nilipigwa tochi mara moja tu. Askari hawakunionea, nilikuwa nimezidisha kweli, na kilichoniumiza sio hela, ni kwamba ule ni mtaa wa watu, watoto wanavuka, na mimi sikuwa najua naenda mwendo gani. Ushauri wangu kwa anayetoka kwenye gari ya zamani kuingia kwenye hii, miezi mitatu ya kwanza angalia spidomita kuliko unavyoangalia simu yako, masikio yako yatakudanganya.

Sasa nije kwenye kitu ambacho watu hawakiongelei wakiongelea Mark X, wao ni mbio tu na mlio wa egzosi. Safari ya mwezi wa tatu tulikuwa tunarudi Dar, tunashuka Kitonga, mvua ya rasharasha, ile ambayo inalowesha lami bila kuiosha. Kwenye kona moja ya kushoto kuna lori lilikuwa limemwaga dizeli, nimeiona ile rangirangi ya mafuta juu ya maji nikiwa nimeshaingia. Sikuwa kwenye mwendo mkubwa, labda 35. Nyuma ya gari ikatoka, nimeisikia kwenye makalio kabla sijaiona, ikaanza kwenda upande wa korongo, na mikono yangu ikawa imeganda kwenye usukani. Kwenye dashi kale kataa ka gari inayoteleza kakawa kanapepesa, nikasikia kitu kinagonga haraka haraka kule chini, trrrr, kama mtu anapiga bati kwa vidole, na gari ikajinyoosha yenyewe. Yani ilishika breki tairi moja moja kwa hesabu yake, nguvu ikaikata, ikarudi kwenye njia yake. Ilikuwa ni sekunde mbili, labda hata hazikufika. Watoto hawakuamka.

Ule mfumo unaitwa VSC. Grande yangu ina ABS, breki hazijifungi, lakini hicho kingine haina. Nilisimama chini pale palipo na nafasi nikashuka nikakaa kwenye jiwe. Nimependa Grande kwa moyo wangu wote ila nilipokuwa nimekaa pale nilikuwa nawaza, ingekuwa ni ile, na tairi za nyuma ndo zinazosukuma, na hii mikono yangu iliyoganda, ingekuwaje. Sijapata jibu zuri.

Haya, turudi mjini, maana huko ndo gari inakaa siku nyingi.

Mimi nakaa upande wa Goba, lami inaishia dukani kwa Mpemba alafu kuna kama kilomita moja na nusu ya kifusi, na mvua ikinyesha ni mabonde matupu. Grande inapita pale kama bibi anayekwenda kisimani, taratibu, haiulizi kitu. Shokapu zake laini, tairi ni za inchi 15 zenye nyama nene, shimo inalimeza, wewe unasikia "bup" kwa mbali. Mark X ya S Package inakuja na rimu 18 na tairi 235/45, ile nyama ya tairi ni nyembamba, kila kokoto unalipokea mgongoni. Alafu bampa ya mbele ina mdomo unashuka chini. Gari yenyewe ni pana kuliko Grande kwa sentimita tatu na nusu hivi na iko chini zaidi, kwahiyo matuta, hasa yale wananchi wanajiwekea wenyewe mtaani bila kipimo, ni lazima uyapande kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, taratibu, na bado mara nyingine unasikia krrrr chini ya tumbo na moyo unauma pamoja nayo. Nimeshabadilisha ile plastiki ya chini ya bampa mara moja. Nimeshapasua tairi moja ukingoni mwa shimo, na tairi moja ya 18 nzuri nimeinunua kwa hela ambayo Grande ningeivalisha mbili na chenji ikabaki.

Kwenye lami nzuri hiyohiyo shokapu ngumu inageuka baraka. Ukiikata kona haiinami, usukani ukiugusa inafika palepale unapotaka, inakamata lami kweli kweli. Grande kwenye kona inaegemea kama jahazi, unaizoea ila abiria wanashika mlango. Kwahiyo swali la kujiuliza kabla hujanunua ni moja, asilimia ngapi ya maisha yako iko kwenye lami nzuri? Jibu hilo kwa uaminifu, usijibu kwa hamu.

Mama yangu naye ana hukumu yake na naiheshimu. Nilimpeleka hospitali Iringa mjini kutoka kijijini kwetu, kwenye Grande alizoea kuingia anakaa tu, siti zile za kitambaa laini kama velveti, pana, unakaa kama kwenye kochi. Kwenye Mark X alishika mlango, akainamisha kichwa, akakaa kwa kujiachia mpaka chini, alafu akaniambia, "Baba, gari nzuri, imependeza, ila mimi nimekaa kama niko ndani ya shimo, barabara siioni." Na ni kweli, vioo vya nyuma ni vidogo, mlango umepanda juu, siti iko chini, mtu mfupi anaona mbingu na nyaya za umeme. Kutoka ilibidi nimvute mikono yote miwili. "Ile nyingine ipo?" akaniuliza. Nikamwambia, "Ipo mama." Akasema basi siku nyingine nije na ile.

Watoto wao wako upande mwingine kabisa. Kila asubuhi nikibonyeza kitufe cha kuwashia, kuna mwanamke wa Kijapani anatoa tangazo kwa sauti ya heshima, nimekuja kujua anasema kadi ya kulipia barabara za kule kwao haijawekwa. Fundi wa redio alitaka kukitoa kile kiboksi, watoto wakakataa, wanamjibu kwa pamoja "shikamoo!" alafu ndo tunatoka. Redio yenyewe ilikuwa ya Kijapani, masafa yanaishia 90 wakati stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo, ramani ni ya Osaka huko, nimetoa nimeweka ya kisasa yenye kamera ya nyuma. Ila hiyo ni kawaida ya gari zote hizi, hata Grande ilikuja hivyohivyo.

Mafuta sasa, maana najua ndo wengi mnasubiri. Nimepima kwa kujaza mpaka juu na kuandika kilomita, sio kwa kuangalia dashi. Grande mjini, foleni ya Mwenge na Morocco, inanipa kilomita 7 na nusu mpaka 8 kwa lita, safari 11, nikiwa mpole 12. Mark X mjini ni 7, siku za foleni mbaya 6 na nusu, lakini safari ndefu inanipa 12 na mara moja nimepata 13 kutoka Morogoro mpaka Kibaha. Yani injini kubwa zaidi, na safari inakula kidogo kuliko ile ndogo, kwa sababu ya gia sita haihangaiki. Kwahiyo anayekwambia Mark X inafilisi kwenye mafuta labda anaongelea ile 350S ya lita 3.5, au anaongelea mguu wake.

Kinachofilisi kiko mwanzoni na kiko gereji. Mwanzoni ni ushuru, cc ikizidi 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5 ya hizi za lita mbili, juu yake kuna ule wa uchakavu kwa sababu gari ina zaidi ya miaka 10, alafu VAT asilimia 18 inakokotolewa juu ya vyote hivyo. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, weka modeli na mwaka kabla hujamtumia mtu hata senti, mimi nilifanya hivyo usiku nikalala na mawazo ila angalau kesho yake nilikuwa najua.

Gereji ndo nitakaa hapa kidogo maana hapa ndo utofauti mkubwa wa hizi gari mbili ulipo, kuliko hata Kitonga.

Injini ya 1G ni injini ya watu. Fundi wangu wa Ilala, ambaye ameishika Grande tangu mwaka wa pili, alikuwa na mchezo wake akimaliza sevisi, anachukua chupa ndogo ya soda yenye maji nusu anaisimamisha juu ya kava la injini, pale palipoandikwa BEAMS, injini inaunguruma, na maji hayachezi, yanatetemeka kidogo tu ukiinama karibu. "Ona hii bosi," anasema, "silinda sita mstari mmoja, hazigombani." Belti ya taimingi, plagi, koili, rejeta, kila kitu unakiona kwa macho na mkono unafika. Spea pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo, zimejaa, mpya, yuzidi, za Dubai, chaguo lako. Oili gelani moja ya lita tano inatosha na inabaki.

2017 hosi ya rejeta ilipasuka tukiwa tumeshavuka Mikumi, saa kumi na moja jioni, mvuke umejaa, mke ana mimba ya miezi saba. Alitokea kijana mmoja na baiskeli, akaenda akarudi na kipande cha hosi kilichotoka kwenye lori, kikubwa kuliko inavyotakiwa, akakikata kwa kisu, akafunga na klipu mbili na waya, tukajaza maji ya kisima. Grande ikawaka. Nikaendesha mpaka Iringa, nikakaa siku nne, nikarudi Dar na hosi ileile. Sijawahi kuisahau hiyo jioni. Hiyo gari ilikuwa na kila sababu ya kukataa na haikukataa.

Mark X haiko hivyo. Mwezi wa tano niliweka mafuta kwenye kituo kimoja mji mdogo njiani, taa ya akiba ilikuwa imeshawaka sikuwa na namna. Kilomita ishirini mbele gari ikaanza kutetemeka ikisimama, ukikanyaga inasita, taa ya injini ikawaka. Nikatafuta fundi pale pale, kijana mzuri tu, akafungua boneti akaangalia lile kava kubwa jeusi, akaniambia kwa adabu, "Mzee, hii bila mashine mimi nitakuharibia." Nikamshukuru kwa ukweli wake. Hii injini ya 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kuna pampu ya kwanza ndani ya tenki na pampu ya pili ya presha kubwa juu ya injini, na nozeli zake ni za kipimo, maji kidogo au uchafu kidogo inakwambia. Grande mafuta yale ingeyakohoa ikayamaliza. Nilitembea polepole mpaka Morogoro mjini, wakasoma kodi za injini kwa mashine, wakamwaga tenki, wakaosha nozeli, wakabadilisha filta, siku nzima imekwenda na hela ambayo ningeifanyia Grande sevisi mbili.

Alafu kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, haiziogeshi, masizi yanajijenga pale nyuma taratibu mpaka injini inaanza kukosa pumzi. Ni tabia ya injini nyingi za namna hii za kipindi kile. Dawa yake ni kufungua manifodi na kukwangua au kupuliza, na uwe na fundi anayeijua. Oili ni lita sita na kitu, kwahiyo gelani moja haitoshi, na usiweke oili ya bei ya chee kwa sababu tu umezoea 1G ilikuwa inaipokea. Faida yake ni kwamba hii ina cheni badala ya belti, hiyo gharama ya belti unaisahau, lakini cheni inaishi kwa oili safi, ukichelewesha oili unaila mwenyewe cheni yako.

Kwahiyo nikimjibu mtu mmoja mmoja. Kama una gari moja tu, unakaa ndani ndani huko kwenye vumbi, fundi wako ni wa chini ya mti na hela ya dharura haipo, usiuze Mark II yako uende Mark X, utailaani bure gari ambayo haina kosa. Ile ya zamani inasamehe, njia mbovu inasamehe, mafuta mabaya inasamehe, mwezi uliochelewa kumwaga oili inasamehe. Mark X haisamehi, inadai, ila ukiilipa inavyodai inakurudishia vitu ambavyo Grande haikuwahi kuwa navyo. Ukiamua kununua chukua ya kuanzia nusu ya pili ya 2012, ile iliyobadilishwa sura, na kama unaweza kupata 250G ya kawaida yenye rimu 16 chukua hiyo, kwa barabara zetu ina akili kuliko S Package yangu, uzuri wa rimu 18 unauona ukiwa umesimama nje, ukiwa ndani unauhisi mgongoni.

Na jirani nilimjibu mwishoni, maji ya kuoshea yalishaisha. Nikamwambia nikilazimishwa moja tu, nachukua Mark X. Akashangaa maana dakika zote zile alikuwa ananisikia naisifia Grande. Nikamweleza ile kona ya kushoto. Watoto wangu wawili walikuwa siti ya nyuma, wamelala, mmoja kichwa chake kiko mapajani kwa mwenzie. Grande nimeipenda na nitaendelea kuipenda ila hiyo kona siwezi kuitoa kichwani.

Ila hakuna anayenilazimisha, kwahiyo zote zipo. Mark X nimeshaipatia rimu 17 za kubadilisha, tairi zenye nyama zaidi kidogo, mwisho wa mwezi zinaingia. Na Grande Jumamosi hii iko Ilala kwa fundi, zamu ya belti ya taimingi imefika tena, tensheni na pampu ya maji nimeshanunua, naibadilishia vyote kwa pamoja, maana mwezi wa nane mama ana kliniki na kasema anataka kuiona barabara.